Karani, Daftari na Mashine: Historia ya Kazi ya Ofisini Katika Nchi Yetu

Katika madarasa ya siasa maswali matatu yamekuwa yakirudi mara kwa mara. Vijana wanaomaliza vyuo wanauliza: kazi za ofisini zimekwenda wapi? Watumishi walio kazini wanauliza: mashine hizi mpya zikishajua kuandika barua, sisi tutafanya kazi gani? Naye mkulima anayefuata hati yake ya ardhi wilayani anauliza lake, ambalo kwa kweli ndilo la zamani kuliko yote: mbona mashine zimekuja na bado naambiwa njoo kesho?

Maswali haya matatu yana shina moja. Wengi hujaribu kuyajibu kwa kuhesabu mashine, au kwa kusifu sayansi, au kwa kuilaani. Hiyo si njia ya kada. Kada huuliza kwanza: jambo hili limetoka wapi, limejengwa na nani, na kwa faida ya nani? Kazi ya ofisini haikushuka kutoka mbinguni. Ni uhusiano kati ya watu, uliowekwa hapa nchini katika wakati maalumu kwa shabaha maalumu, na umebadilika kila mara mwenye nguvu alipobadilika. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba katika kila kipindi jambo kubwa halikuwa chombo kinachoandikia, yaani kalamu, taipu au kompyuta. Jambo kubwa lilikuwa ni nani ameshika daftari, na ni nani anayeweza kumwuliza huyo aliyelishika.

1. Daftari Lilivyoingia

Mababu zetu walijua kuhesabu ng'ombe, mavuno na siku kabla ya mgeni yeyote kufika. Lakini daftari lenye uwezo wa kumfunga mtu ambaye hawezi kulisoma lilikuja na biashara na dola. Katika Zanzibar ya karne ya 19, ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, na maarufu kati ya hizo ni ile ya Jairam Shivji. Mali yote iliyopita bandarini, pembe, karafuu na binadamu waliouzwa utumwani, ilipita kwanza katika kitabu cha karani. Mwenye shamba aliyekopa alijulikana kwa mstari wake kitabuni, na mstari huo uliweza kumla shamba zima.

Wajerumani walipoitwaa Tanganyika walikuta kwamba bunduki peke yake haiwezi kutawala nchi kubwa kiasi hiki. Maofisa wao walikuwa wachache mno. Walihitaji watu wa kuandika majina, kuhesabu nyumba, kutunza stakabadhi na kupeleka amri kutoka bomani hadi kijijini. Shule ya Serikali ya Tanga, iliyoanza mwaka 1892, iliwekwa kwa ajili hiyo. Kiswahili kikafanywa lugha ya maandishi kati ya boma na maakida na majumbe. Hapo ndipo alipozaliwa karani wa Kiafrika wa bara: mtu anayejua kusoma katikati ya umati ulionyimwa shule, na kwa sababu hiyo mtu wa kuogopwa.

Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ndiyo iliyompa karani huyu nguvu yake. Ukishaandikwa, unadaiwa, ukidaiwa nawe huna fedha, utakwenda kulima shamba la mzungu. Kwa hiyo daftari lilikuwa chombo cha kuzalishia nguvukazi, sawa na kiboko. Wananchi walilielewa jambo hili upesi. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, wananchi waling'oa pamba ya kulazimishwa, na maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kwanza. Mkulima yule hakuwa na darasa la siasa, lakini alijua kwamba unyonyaji una mikono miwili: mkono unaopiga na mkono unaoandika.

2. Ngazi ya Rangi

Waingereza, walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliipanga ofisi kama ngazi. Juu kabisa alikaa Mzungu, mwenye kuamua. Katikati alikaa Mhindi, mwenye kutunza hesabu. Chini alikaa Mwafrika: karani mdogo, mkalimani, tarishi. Mishahara ilifuata rangi, nyumba zilifuata rangi, hata mlango wa kuingilia ulijulikana nani anaupita. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa kuwaandaa watoto wa machifu ili utawala wa kupitia wenyeji, uliopewa nguvu ya sheria mwaka 1926 chini ya Gavana Cameron, upate watu wa kuuendesha.

Hapa historia inatuonyesha kinyume cha mambo, na kinyume hiki ndicho kinachofaa kusomwa kwa makini. Mkoloni alimhitaji karani ili atawale, lakini kwa kumfundisha karani kusoma alimpa pia silaha. Karani ndiye aliyeona kwa macho yake mshahara wa Mzungu na mshahara wake mwenyewe katika orodha moja. Karani ndiye aliyehamishwa kutoka Bukoba kwenda Lindi, akajua kwamba dhuluma ya huku ni dhuluma ya kule. Mwaka 1922, huko Tanga, makarani wakiongozwa na Martin Kayamba waliunda Chama cha Waafrika Watumishi wa Serikali wa Tanganyika. Madai yao yalikuwa ya watumishi: mishahara, heshima, elimu. Miaka saba baadaye, mwaka 1929, African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na walioijenga kwa sehemu kubwa walikuwa walimu na makarani.

Tusiwatukuze kupita kiasi. Wengi wao walitaka kupanda ngazi, si kuivunja. Walivaa suti, wakanywa chai saa nne, na baadhi yao waliona haya kukaa mkeka mmoja na mpagazi wa bandarini. Kasumba iliwaingia kweli. Lakini mkoloni mwenyewe aliiona hatari yao kabla wao hawajaiona nguvu yao. Waraka wa Serikali Namba 5 wa mwaka 1953 ulikataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Shabaha ilikuwa kukata kichwa cha harakati, maana viongozi wengi wa TAA walikuwa watumishi.

Matokeo yake yalikuwa kinyume. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ililazimika kutafuta nguvu zake nje ya ofisi: kwa wakulima, wafanyabiashara wadogo, madereva, na akina mama wa Dar es Salaam walioongozwa na Bibi Titi Mohamed. Chama kilipata mizizi ya umma kwa sababu mlango wa ofisi ulifungwa. Na watumishi wenye moyo walilazimika kuchagua. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa Waafrika watumishi wa serikali, aliacha kazi ya serikali akaenda kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Aliacha kiti akaufuata umma. Mfano huo ni msingi wa mengi tutakayosema chini.

3. Kukikalia Kiti cha Mkoloni

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Waafrika walishika kiasi cha robo tu ya nafasi za juu na za kati katika utumishi wa serikali. Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba nchi nzima ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Kwa hiyo naizesheni ilikuwa ya lazima. Lakini naizesheni ilikuwa na mtego wake. Kumwondoa Mzungu katika kiti si sawa na kukibadili kiti. Kiti kilibaki na mto wake, nyumba yake ya Oysterbay, gari lake na mshahara uliopangwa kwa kipimo cha London. Aliyekikalia alianza kufikiri kwa kipimo hicho hicho.

Mtego huo ulijitokeza wazi mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga sheria iliyowataka wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara kwa muda. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Lakini Mwalimu hakuishia kuwaadhibu vijana. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi: mtumishi wa ngazi ya kati na ya juu asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Mwaka huo huo Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali. Hatua hii ya mwisho mara nyingi husahauliwa, lakini kwa somo letu ni kubwa. Ilimwongezea mwananchi uwezo wa kusikilizwa na karani bila mkalimani, na wa kuisoma barua ya kumhusu yeye mwenyewe.

Katika kijitabu chake cha mwaka 1977, Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu alionyesha kwamba tofauti ya kipato kati ya mtumishi wa juu na wa chini, baada ya kodi, ilikuwa imeshuka kutoka kiasi cha 50 kwa 1 wakati wa Uhuru hadi kiasi cha 9 kwa 1. Ni mafanikio ambayo nchi chache zinaweza kuyataja.

Hata hivyo mshahara ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni amri. Wananchi waliunda neno lao: umangimeza. Ni neno lenye nadharia nzima ndani yake, maana linasema kwamba yule mangi tuliyemwondoa amerudi na amekaa nyuma ya meza. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilishambulia jambo hili kwa kukataza majivuno na dharau ya viongozi kwa wanaowaongoza, na wafanyakazi viwandani waliuchukua wakautumia. Lakini uhamishaji wa madaraka mikoani wa mwaka 1972, ambao nia yake ilikuwa kusogeza uamuzi kwa mwananchi, mara nyingi ulisogeza meza tu. Ofisa alihamia mkoani na daftari lake. Mabaraza ya wilaya na miji, mahali ambapo mwananchi angeweza kumhoji, yalivunjwa, na yale ya wilaya hayakurudishwa hadi miaka ya 1980.

4. Mashine ya 1965 na Marufuku ya 1974

Ili tuelewe mabadiliko ya leo yatupasa tukumbuke ofisi ya miaka ile ilivyofanya kazi. Barua ilifika masjala, ikaandikwa katika rejista, ikafungwa katika jalada na kupewa namba ya folio. Tarishi alilibeba jalada hadi kwa ofisa. Ofisa aliandika dokezo, mkubwa wake akaandika la kwake chini yake. Jibu lilisemwa kwa mdomo, mhazili akalichukua kwa hati mkato, akalipiga chapa kwa nakala za kaboni. Kama ni waraka kwa wengi, stensili ilikatwa. Chuo cha Uhazili Tabora kilitoa mamia ya vijana, wengi wao wanawake, ambao kwao taipu ilikuwa njia ya kwanza ya kupata mshahara wao wenyewe. Katika kila hatua palikuwa na mtu. Na palipo na mtu palikuwa na kazi, palikuwa na ajira, na vilevile palikuwa na mahali pa faili kupotelea hadi litafutwe kwa chai.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilitarajiwa isaidie hesabu za Serikali. Lakini utaalamu ulikuwa wa wageni, vipuri vilitoka nje, na mafundi wetu walikuwa wachache. Mpango wa kuingiza hesabu za Serikali katika mashine ulikwama. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini.

Siku hizi ni desturi kuucheka uamuzi huo. Sisi hatuucheki. Ulifanywa katika mwaka wa ukame, bei ya mafuta ilikuwa imepanda maradufu na zaidi, na fedha za kigeni zilihitajika kwa chakula. Uliuliza swali sahihi: tununue mashine tusiyoimiliki, tusiyoweza kuitengeneza, ili ifanye kazi ambayo watu wetu wanaihitaji? Lakini dawa haikulingana na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ukosefu wa mafundi, na marufuku haifundishi fundi. Ilipolegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, kizazi kizima kilikuwa kimekosa mazoezi, na utegemezi ambao marufuku ilikusudia kuuepuka ukatupata ukiwa mkubwa zaidi. Funzo la kinadharia ni hili: kuifungia mlango mashine, na kuiabudu mashine, ni makosa mawili yenye mama mmoja. Yote mawili huiona mashine kuwa ndiyo yenye kuamua, wakati anayeamua ni mwenye kuimiliki na kuielewa.

5. Mshahara Unayeyuka, Ofisi Inapungua

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei mbaya za mazao na kukauka kwa fedha za kigeni vililivunja agano la zamani kati ya mtumishi na dola. Mshahara ulibaki na jina lake, thamani ikaondoka. Mtumishi alifika asubuhi, akatundika koti kwenye kiti, akaenda kuangalia kuku wake. Mhazili aliuza maandazi. Hatuyasemi haya kwa dharau. Bila kuku na maandazi hayo watoto wa watumishi wasingesoma. Lakini ofisi iliyotundikwa koti haimhudumii mkulima, na miiko ya Azimio ilipolegezwa Zanzibar mwaka 1991, kwa wengi ililegeza kile ambacho njaa ilikuwa imekwisha kukilegeza.

Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yalileta dawa ya wakopeshaji: punguza watu. Kati ya mwanzo na mwisho wa miaka ya 1990 idadi ya watumishi wa Serikali ilishuka kutoka zaidi ya 350,000 hadi chini ya 300,000. Waliotangulia kutoka ni wa ngazi ya chini: matarishi, wahudumu, wapiga chapa. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa na Azimio mwaka 1967, ilitenganishwa mwaka 1997, na hisa nyingi za sehemu iliyobaki na jina la NBC zikauziwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Kabla kompyuta haijawaondoa watu ofisini, sera ilikuwa imeanza kuwaondoa. Kijana anapoambiwa kwamba teknolojia ndiyo iliyokula ajira zote, ajue kwamba ukurasa huu wa historia umerukwa.

Mashine ilifuata. Malipo ya Serikali yaliingia katika mfumo wa Epicor mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa yako katika MUSE. Orodha ya mishahara ikawa ndani ya kompyuta. Je, umangimeza ulikwisha? Mwaka 2016 uhakiki ulifichua watumishi hewa zaidi ya 10,000, na mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tutafakari vizuri. Hewa hao walikuwa wakilipwa kwa mfumo wa kisasa. Kompyuta ilimlipa marehemu kwa uaminifu ule ule iliomlipa aliye hai, kwa kuwa haikuambiwa tofauti yao. Kilichowafichua ni watu waliotumwa kwenda kituoni kuwahesabu watu na kukagua vyeti kimoja kimoja.

6. Ofisi Imehamia Kibandani

Katika miaka ya karibuni mabadiliko yamekuwa ya haraka. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Fedha za simu zilikuwa zimeanza mwaka mmoja kabla. Serikali ilianzisha Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Malipo ya Serikali yanapita katika mfumo mmoja wa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mwananchi halazimiki tena kumkabidhi karani noti mkononi. Mianya mingi ya chai imezibwa kwa njia hiyo. Ni ushindi, na kada asiyeukubali atakuwa anabishana na macho ya wananchi.

Lakini tuulize: kazi ya yule karani wa benki imekwenda wapi? Haikutoweka. Imehamia kibandani kwa wakala wa fedha za simu. Yeye ndiye anayepokea amana, anayetoa fedha, anayeandika katika daftari lake la kurasa zilizokunjamana, anayehakikisha jina. Tofauti ni kwamba karani wa NBC alikuwa na mshahara, likizo, matibabu, pensheni na chama cha wafanyakazi. Wakala analeta mtaji wake mwenyewe, anabeba hasara ya kutapeliwa au kuporwa, na analipwa kamisheni kwa kiwango ambacho hakukijadili. Kazi ni ile ile. Uhusiano wa kazi ndio uliobadilika, na umebadilika dhidi yake.

Vivyo hivyo kwa karani wa maombi. Zamani nje ya posta na boma alikaa mwandishi wa barua, akimwandikia asiyejua kusoma. Leo kando ya kila ofisi na kila chuo pana steshenari. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu, mwombaji wa kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, mtu anayetafuta cheti cha kuzaliwa, wote hupanga foleni hapo ili kijana wa steshenari awajazie fomu mtandaoni, awapakie vyeti, na mara nyingi awatunzie hata nywila. Gharama ambayo zamani ilikuwa ya ofisi sasa inatoka mfukoni mwa mwananchi. Na siri zake ziko katika kompyuta ya mtu ambaye hakula kiapo chochote.

Ndani ya ofisi zenyewe majina yamebadilika. Katibu mahsusi sasa ni mwandishi mwendesha ofisi. Barua nyingi ofisa anaziandika mwenyewe. Jalada la karatasi linapisha ofisi mtandao. Utendaji unapimwa kwa mfumo: OPRAS tangu 2004, na PEPMIS iliyochukua nafasi yake. Ni vyema mtumishi kupimwa. Ila mfumo hupima kile kinachoweza kuingizwa ndani yake. Bibi kizee aliyeelezwa haki yake kwa upole kwa nusu saa hana kisanduku cha kuwekea alama.

7. Akili Mnemba na Kipande Kipya

Mwezi Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa ChatGPT, na watu wengi wakaanza kuona mashine ikifanya kwa lugha ya kawaida kile tulichokiita kazi ya msomi: kuandika muhtasari, kutafsiri, kuandaa rasimu ya dokezo. Wanaoguswa safari hii hawako chini ya ngazi peke yao. Wapo pia katikati, palepale ambapo wazazi wetu walituambia tusome ili tupafikie.

Mashine hiyo inaonekana kama haina mikono ya watu ndani yake. Sivyo. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu na ya kikatili ili mashine ijifunze kuyaepuka. Walikaa mezani, mbele ya kompyuta, ndani ya jengo zuri. Kwa mavazi walikuwa watu wa ofisini. Kwa uhusiano wa kazi walikuwa ndugu wa manamba wa mkonge waliohesabiwa kwa kipande: kazi imekatwa vipande vidogo, soko liko ng'ambo, bei imepangwa ng'ambo, na uchungu umebaki hapa. Tusidanganywe na shati jeupe. Tabaka la mtu halijulikani kwa rangi ya kola yake. Linajulikana kwa mahali pake katika uzalishaji na kwa sauti aliyonayo juu ya kazi yake.

8. Wajibu wa Kada

Kutokana na historia hii tunachota mambo manne.

Kwanza, mafunzo yatangulie mashine. Funzo la 1974 ni kwamba taifa lisilo na mafundi wake litakuwa mateka wa mashine, ikiwapo au isipokuwapo. Kila mkataba wa mfumo mpya uulizwe: vijana wetu wanaweza kuufungua, kuurekebisha na kuuendesha mgeni akiondoka?

Pili, sheria zitumike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayatambua mahitaji ya kiteknolojia kuwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, lakini inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya kumbukumbu zake. Ni watumishi wangapi wanazijua? Tawi lisilowafundisha wafanyakazi wake sheria hizi limeacha silaha ghalani.

Tatu, wakala, kijana wa steshenari na mwainishaji wa data ni wafanyakazi. Hawana kiti wala tange, lakini ndio makarani wa leo. Vyama vya wafanyakazi vilivyozoea kukusanya michango kutoka orodha ya mishahara haviwezi kuwafikia kwa njia ya zamani. Ushirika ni njia moja: mawakala wa mtaa mmoja wakiungana wanaweza kujadili kamisheni na kulindana dhidi ya hasara. Jambo hili linahitaji kazi ya Chama katika ngazi ya tawi, si hotuba ya ngazi ya taifa.

Nne, katika kila ofisi abaki mtu wa kuulizwa. Mfumo ukimkataa mwananchi, pawe na binadamu mwenye jina, mwenye mamlaka ya kufungua upya shauri lake, na awajibike kwa baraza lililochaguliwa. Neno la zamani lilikuwa njoo kesho. Neno jipya ni mfumo umekataa. La zamani lilikuwa na mtu aliyelisema, na mtu huyo aliweza kushtakiwa kwa mwenyekiti wa kijiji. La pili halina msemaji. Ni umangimeza ambao mangi wake haonekani, na kwa hiyo ni mgumu zaidi kupigwa vita.

Kwa kijana wa chuo tunamwambia hivi: usiililie ofisi ya babu yako. Ofisi ile ilijengwa kwa kodi ya mtu aliyelimishwa pamba kwa kiboko, na ngazi yake ilikuwa ya rangi. Elimu yako haikudai meza. Imekudai uwezo wa kulisoma daftari kwa niaba ya wasioweza kulisoma, liwe la karatasi au la mtambo. Makarani wa Tanga wa mwaka 1922 walianza na madai ya mishahara. Waliowafuata waliiona orodha ile ile ya majina na mishahara, wakaisoma kuwa ushahidi wa dhuluma ya taifa zima. Orodha za leo ziko ndani ya mashine, nyingine ng'ambo ya bahari. Kuzisoma, kuzieleza kwa umma, na kuuwezesha umma kuwahoji wanaozishika, hiyo ndiyo kazi iliyopo, na haina uhaba wa nafasi.